Waliobaki baharini kutegua mabomu vita vilipokwisha

JE, msomaji, ukiulizwa vita vinamalizika lini, utajibu vipi? Mwanafunzi wa historia atajibu haraka kwamba Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilimalizika tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Mtihanini atapewa alama zote, na ni haki yake.

Lakini wapo mabaharia ambao jibu hilo lingewachekesha, au pengine lingewaliza. Watu walipokuwa wakicheza densi barabarani London na Paris, chini ya maji ya Bahari ya Kaskazini, baina ya Scotland na Norway, palikuwa na maelfu kwa maelfu ya mabomu yaliyofungwa kwa nanga, yakingoja meli ipite. Mabomu hayo hayakujua kwamba mkataba umetiwa saini. Hayakujua bendera ya adui wala ya rafiki. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na hakuna mtego ambao methali hii inauelezea vyema kuliko bomu la kutegwa baharini.

Ilibidi mtu arudi kuutegua mtego huo. Makala haya ni ya watu hao na vimeli vyao vidogo, ambao majina yao hayatajwi sana katika vitabu vyetu vya shule.

Ukuta chini ya maji

Kwanza tuelezane jinsi mabomu hayo yalivyofika huko. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zimezamisha meli nyingi mno za Uingereza na za marafiki zake. Njia mojawapo ya nyambizi hizo kutokea kwenda bahari kuu ya Atlantiki ilikuwa kupitia upande wa kaskazini, kati ya visiwa vya Orkney na pwani ya Norway. Marekani na Uingereza zikakata shauri kuiziba njia hiyo kwa mabomu.

Kazi ilianza Juni 1918 na kuendelea hadi Oktoba. Katika miezi hiyo michache yalitegwa mabomu zaidi ya 70,000, na zaidi ya 56,000 kati yake yalikuwa ya Wamarekani. Ukuta huo ulikuwa na urefu wa kilomita karibu 400. Hebu fikiria: ni kama umetoka Nairobi kwa basi la kwenda Mombasa, ukasafiri sehemu kubwa ya safari hiyo, na njia nzima mkono wako wa kulia na wa kushoto ni mabomu tu.

Bomu la Marekani lilikuwa tufe la chuma lenye baruti ya TNT ya uzito wa kilo zipatazo 136. Ndani yake mlikuwa na hewa ya kutosha kulifanya lielee, lakini lilizuiwa lisipande juu kwa waya uliofungwa kwenye nanga nzito iliyolala sakafuni mwa bahari. Yalipangwa kwa tabaka tatu. Ya juu yalikuwa mita zipatazo 24 chini ya maji, ya kati kama mita 49, na ya chini kabisa kama mita 73, ili nyambizi isipate pa kupenya hata ikizama sana.

Mabomu ya zamani yalikuwa na pembe, na yalilipuka meli ilipoigonga pembe mojawapo. Hili la Wamarekani lilikuwa na ujanja mwingine. Juu yake uliunganishwa waya mrefu wa shaba uliosimama ndani ya maji kama unywele. Chuma cha meli kilipougusa waya huo, basi, kwaheri!

Wewe uliyefanya jaribio la kuchomeka kipande cha shaba na cha chuma ndani ya limau darasani utaelewa siri yake mara moja. Madini mawili tofauti yakiwa ndani ya maji ya chumvi na yakagusana, umeme mdogo huanza kupita. Bahari yote ilikuwa limau. Shaba ilikuwa waya wa bomu, na chuma ni meli yenyewe. Umeme huo mdogo ulitosha kukiamsha kilipuzi.

Sasa tazama tatizo lililozuka vita vilipokwisha. Silaha iliyobuniwa ili chuma chochote kisiguse waya wake kikasalimika ilipaswa kuondolewa. Na meli za kuiondolea zilikuwa za chuma.

Mashua mbili za tanga

Kisheria, jukumu la kusafisha lilikuwa la aliyetega. Mkataba wa Hague wa mwaka wa 1907 ulizitaka nchi zilizoutia saini zifanye kila ziwezalo kuondoa mabomu yao vita vikiisha, kila nchi yake. Wamarekani kwa hiyo hawakuweza kufungasha virago na kwenda zao nyumbani kama wanajeshi wengine.

Desemba 1918, katikati ya baridi kali, walijaribu bahati yao kwa kutumia mashua mbili za wavuvi kutoka Lowestoft, Uingereza, zilizoitwa Red Rose na Red Fern. Zilikuwa za mbao na ziliendeshwa kwa tanga, kama majahazi yetu ya Lamu. Sababu ni wazi: mbao haziamshi umeme wa shaba. Mashua hizo zilivuta waya baina yao na kufaulu kuyafikia mabomu machache. Ilionekana kwamba kazi inawezekana. Lakini mabomu machache kati ya maelfu ni kama kuchota maji ya bahari kwa kata. Kwa mwendo wa upepo wangesafisha hadi wajukuu wao wazeeke.

Hapo ndipo alipojitokeza kijana mmoja, Dudley Nichols, afisa wa cheo cha chini katika jeshi la wanamaji la Marekani, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 24. Wazo lake lilikuwa hivi: ikiwa bomu huamshwa na umeme unaopita kati ya shaba na chuma, kwa nini meli yenyewe isitoe umeme wake kupitia majini, wa kuuzuia ule wa bomu? Meli ikiwa na mtambo wa kutoa umeme wa kiasi kinachofaa, waya wa shaba ungeigusa na bomu lisishtuke.

Wazo likafanyiwa majaribio, likafaulu kiasi cha kutosha. Meli za chuma zikafungwa mitambo hiyo. Haikuwa kinga kamili, kama tutakavyoona, lakini bila yake kazi isingefanyika kabisa. Nichols alitunukiwa nishani. Baadaye aliacha mambo ya bahari, akawa mwandishi wa habari New York, kisha mwandishi wa michezo ya sinema Hollywood. Wazee wetu waliopenda sinema za wachunga ng'ombe huenda wanaikumbuka Stagecoach ya mwaka wa 1939. Aliyeiandika ni huyo huyo. Na mwaka wa 1936 alipopewa tuzo ya Oscar kwa sinema ya The Informer, aliikataa kwa sababu ya mzozo uliokuwepo baina ya chama cha waandishi na wenye studio. Huyo ndiye mtu aliyelishinda bomu kwa akili.

Kufagia bahari

Kazi kamili ilianza mwishoni mwa Aprili 1919. Makao yake yalikuwa bandari ya Kirkwall, visiwani Orkney, chini ya Admeri Joseph Strauss, na meli mama iliitwa Black Hawk. Walikuwapo wanamaji wapatao 4,000. Meli zao kubwa za kazi hiyo zilikuwa na urefu wa mita 57 tu, na kila moja ilipewa jina la ndege: Lapwing, Heron, Pelican, Owl, Swan, Turkey, Auk, Eider. Ziliongezewa meli za uvuvi zilizoazimwa kutoka Uingereza, na boti ndogo za mbao za urefu wa futi 110.

Je, bahari hufagiliwaje? Meli mbili huenda sambamba, mbali kidogo na mwenzake, kama mita 450 hivi. Baina yao huvuta waya mrefu wa chuma. Ili waya huo usielee, kila meli hushusha chombo kizito kinachovutwa chini ya maji, ambacho mabaharia walikiita kishada, kwa kuwa kinavutwa majini kama vile watoto wanavyovuta kishada angani, ila hiki huenda chini badala ya kupanda juu. Waya ukikutana na kamba ya bomu, huikata. Bomu lililokatwa huchomoza juu likiwa huru, na hapo wapiga bunduki hulitoboa kwa risasi ili lijae maji na kuzama, au lilipuke likiwa mbali.

Ukiwatazama wavuvi wetu wanaovuta juya, wawili wawili, utaona kwamba mtindo ni ule ule. Tofauti ni kwamba mvuvi huomba wavu uwe mzito. Mabaharia hawa nyoyo zao zilidunda kila waya ulipokuwa mzito.

Mara nyingi bomu halikungoja kukatwa. Lililipuka pale pale, na mshindo wake ukaamsha la jirani, na la jirani likaamsha jingine. Nguzo za maji zilirushwa juu kupita milingoti. Sahani zilipasuka jikoni, taa zilizimika, na misumari ya chuma iliyoshikilia mbavu za meli ikalegea. Mabaharia wakafunga mashimo, wakabadili waya uliokatika na kuendelea.

Jua la kaskazini wakati wa kiangazi halichwi upesi, na wakuu wao walitumia kila dakika ya mwanga. Wapo waliofanya kazi kuanzia alfajiri hadi karibu usiku wa manane, siku baada ya siku.

Damu wakati wa amani

Tarehe 17 Mei 1919 bomu lilinaswa katika vifaa vya meli ya Bobolink na kulipuka. Nahodha wake, Luteni Frank Bruce, akafa papo hapo. Vita vilikuwa vimekwisha miezi sita kabla.

Tarehe 9 Julai ikawa zamu ya Pelican. Mabomu sita yalilipuka kuizunguka kwa wakati mmoja. Ilitobolewa vibaya, maji yakaingia kwa kasi, na kila mtu akaona kwamba inazama. Wenzao wa Auk na Eider hawakukimbia, ingawa walijua kwamba wako katikati ya mabomu mengine. Walijisogeza, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakajifunga kwa Pelican kama watu wawili wanaomshika mkono mgonjwa, na wakaanza kuyafyonza maji kwa pampu zao. Ndugu msomaji, fahamu kwamba iwapo Pelican ingezama ghafla, ingeweza kuzivuta hizo mbili. Waliikokota hivyo hivyo hadi ghuba ya Orkney, na wakaiokoa.

Siku tatu tu baadaye, tarehe 12 Julai, bahati haikuwapo. Meli ya uvuvi iliyoazimwa, Richard Bulkeley, iliinua kishada chake na kumbe kimenasa bomu. Lililipuka karibu na tezi, na meli ikazama kwa dakika chache tu. Kamanda Frank King alibaki juu akihakikisha kwamba watu wake wanaondoka. Yeye hakuondoka. Alikufa pamoja na mabaharia wengine sita.

Kisha kuna kisa cha Kapteni Roscoe Bulmer, aliyekuwa nahodha wa Black Hawk na mmoja wa viongozi wakuu wa kazi hii. Aliingia katika mabomu mara nyingi akatoka salama. Mwanzoni mwa Agosti 1919 akafa kutokana na majeraha ya ajali ya gari, nchi kavu. Ajali haina kinga, walisema wahenga.

Jeshi la wanamaji la Marekani lilizipa manowari zake majina ya Bruce, King na Bulmer. Mabaharia wa kawaida waliokufa nao hawakupata manowari. Tunaweza angalau kukumbuka kwamba kila mmoja wao alikuwa na mama aliyeambiwa Novemba kwamba vita vimekwisha, akashukuru Mungu, akaanza kuhesabu siku.

Kazi ilifungwa tarehe 30 Septemba 1919. Waliokufa walikuwa 11. Meli 23 ziliharibiwa na milipuko. Mabomu zaidi ya 20,000 yalihesabiwa kuwa yameondolewa. Mengine mengi yalikuwa yamekwisha kulipuka yenyewe au kung'olewa na mawimbi ya dhoruba tangu siku yalipotegwa.

Waingereza nao walikuwa na mzigo wao katika bahari nyingine. Waliunda kikosi maalumu cha watu wa kujitolea, na wengi walikuwa wavuvi, maana nani anayejua kuvuta waya baharini kuliko mvuvi? Februari 1919 meli zao mbili, Penarth na Erin's Isle, ziligonga mabomu na kuzama. Wavuvi hao walikuwa wakipigania riziki yao wenyewe. Bila bahari kusafishwa hakuna samaki, na bila samaki watoto wanalala njaa.

Si hadithi ya jana tu

Huenda ukasema haya ni mambo ya kale. La hasha. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka wa 1945, mchezo ulirudiwa. Ndege za Marekani zilikuwa zimedondosha mabomu yapatayo 12,000 katika bandari na mikondo ya Japani ili chakula na mafuta visipite. Haya hayakungoja hata kuguswa. Mengine yaliamshwa na sumaku ya chuma cha meli, mengine na sauti ya mashine, mengine na msukumo wa maji chombo kinapopita juu yake. Wajapani waliokuwa wanajeshi walivuliwa vyeo, jeshi lao likavunjwa, lakini walioyajua mabomu waliambiwa wabaki kazini, katika vyombo vya mbao. Mjini Kotohira upo mnara wa ukumbusho wa wenzao karibu 80 waliokufa wakiifanya kazi hiyo.

Nchini Ujerumani pia, wanamaji walioshindwa walikusanywa na Waingereza mwaka wa 1945 na kurudishwa baharini kusafisha, wakiongozwa na maafisa wao wenyewe, hadi mwisho wa mwaka wa 1947.

Baada ya vita vya Ghuba vya mwaka wa 1991, ambapo Iraki ilitega mabomu zaidi ya 1,000 mbele ya pwani ya Kuwait, meli za kutegua kutoka nchi kadhaa zilikwenda kusafisha. Miongoni mwao zilikuwamo nne kutoka Japani, ile ile iliyojifunza kazi hiyo kwa machozi.

Na vita vya Ukraine vilivyozuka mwaka wa 2022 vimeyarejesha mabomu katika Bahari Nyeusi. Mwezi wa Januari 2024, Uturuki, Romania na Bulgaria zilitia saini mapatano ya kuyasafisha kwa pamoja. Usidhani hayo hayatuhusu. Ngano ya bahari hiyo husagwa katika viwanda vyetu ikawa unga wa chapati unayokula Jumapili. Meli ikiogopa kupita huko, bei hupanda dukani kwako mtaani.

Tena bomu la zamani halizeeki upesi kama binadamu aliyelitega. Mnamo Aprili 2005, wavuvi watatu wa Uholanzi waliuawa katika Bahari ya Kaskazini wavu wao ulipopandisha bomu la Vita Vikuu vya Pili. Vita hivyo vilikuwa vimekwisha kwa miaka 60.

Nani alipe?

Mkataba wa Ottawa wa mwaka wa 1997, uliosifiwa sana duniani, unapiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu. Yale ya baharini haukuyagusa. Hadi leo yanatawaliwa na ule wa Hague wa mwaka wa 1907, uliotungwa kabla ya sumaku na sauti kutumiwa kulipua meli. Mkataba huo unataka bomu lililokatika nanga lipoteze makali yake, na unamtaka aliyetega arudi kutegua. Kurudi ni jambo la hiari ya moyo, maana nani atamshurutisha mshindi?

Ndiyo maana nimeona heri tukumbuke wale wa mwaka wa 1919. Walikuwa na kila sababu ya kudai kupelekwa nyumbani. Wenzao wa nchi kavu walikuwa wamekwisha kuvua sare, wameoa, wamerudi kazini. Wao walitega, nao wakategua, kwa gharama ya maisha ya wenzao, ili meli ya mizigo ya mtu wasiyemjua ipite salama.

Mwanafunzi, mwalimu akikuuliza vita vilikwisha lini, mpe tarehe ya 11 Novemba 1918, usije ukanyimwa alama. Lakini ukiwa mezani na jamaa zako jioni ya leo, waulize swali hilo hilo, kisha wasimulie habari za Auk na Eider zilivyojifunga kwa Pelican katikati ya mabomu.